Mkono wa Baba Ndani ya Insha ya Mtoto

Mwaka jana niliombwa niwe mmoja wa majaji wa shindano la insha la wanafunzi wa sekondari hapa Dar es Salaam. Tulikuwa watano mezani: mhariri wa gazeti, mtangazaji wa redio, dada anayefanya kazi katika asasi ya haki za watoto, kijana wa shirika la afya ya vijana, na mimi, mwandishi wa makala na baba wa watoto watatu. Chumba kilikuwa na feni moja. Kulikuwa na chupa ya chai ya maziwa, sahani ya vitumbua, na bahasha za kaki zilizojaa insha. Mada waliyopewa watoto ilikuwa na maneno matatu tu: Jioni nyumbani kwetu.

Nilikwenda nikidhani nitapima Kiswahili: ngeli, alama za uandishi, mpangilio wa aya. Kabla ya adhuhuri nilikuwa nimeacha kuhesabu makosa. Watoto wale walikuwa wametufungulia milango, nasi watu baki watano tulikuwa tumeketi sebuleni kwao tukitazama jinsi wazazi tunavyoishi.

Binti mmoja alisimulia kwamba jioni ya kwao huanza pale dada wa kazi anapozima pasi na kuanza kukata mchicha. Dada huyo ndiye aliyekuwa mhusika mkuu wa insha nzima: ndiye anayeuliza kuhusu shule, ndiye anayejua nani amegombana na nani, ndiye anayesaini daftari la kazi za nyumbani kwa mwandiko unaoiga wa mama. Baba katika insha ya kijana mwingine alikuwa jozi ya viatu. Kijana akiviona mlangoni alfajiri hujua kwamba baba bado hajatoka. Usiku, akiwa kitandani, huvisikia vikivuliwa. Katika kurasa mbili, baba huyo hakuwa na sura wala sauti. Na kulikuwa na mtoto mmoja, sitamsahau, aliyeeleza kwamba jioni nzuri kuliko zote ni ile ambayo umeme umekatika, kwa sababu simu huisha chaji mojamoja na watu wa nyumbani hutoka nje barazani, bibi akaanza kuzungumza. Alimalizia kwa kutamani umeme ukatike mara kwa mara. Mtangazaji alicheka aliposoma hapo, kisha akaikunja ile karatasi taratibu na kuirudisha kwenye bahasha.

Hawakuwa wanalalamika. Waliandika kama mtu anayekuelekeza njia ya kwenda sokoni: pinda hapa, pita pale, ndivyo palivyo. Mtoto huona nyumba aliyozaliwa kuwa ndiyo dunia ilivyo, na akiiandika hana haja ya kuipamba wala kuilaumu.

Kulikuwa na fungu la pili, nalo ndilo lililotupa kazi. Hizo zilikuwa insha zisizo na jioni ndani yake. Zilianza na dunia ya utandawazi, zikapita kwenye changamoto mbalimbali, zikafika kwenye mustakabali wa taifa, zote kwa aya zilizonyooka na nukta zilizokaa mahali pake. Hakuna aliyepika. Hakuna aliyeoga, aliyegombana, aliyetafuta kandambili iliyopotea. Mhariri wetu, ambaye kazi yake ya kila siku ni kutambua nani ameandika nini, alisoma tatu za namna hiyo, akavua miwani, akasema kwamba nyumba za watoto hawa hazina jiko. Baadhi zilikuwa na harufu ya akili mnemba, ile lugha laini isiyokwama popote. Lakini nyingi zilikuwa na harufu ya mtu mzima. Mtoto wa miaka kumi na mitano haandiki kwamba familia ni kiini cha jamii. Anayeandika hivyo ni mtu aliyewahi kukaa kwenye warsha.

Tufanyeje na insha nzuri isiyo ya mtoto? Hapo tulibishana kweli. Kijana wa shirika la afya alisema alama zitolewe kwa kilichoandikwa, kwa kuwa hatuna ushahidi. Nikawaeleza kuhusu tuzo moja ya Marekani niliyokuwa nimesoma habari zake, Scholastic Art & Writing Awards, iliyoanzishwa mwaka 1923 na Maurice R. Robinson kwa ajili ya vijana wa darasa la 7 hadi la 12. Sylvia Plath, Truman Capote na Andy Warhol wote walituzwa hapo wakiwa bado vijana wa shule. Majaji wa tuzo hiyo huisoma kazi pasipo kuambiwa ni ya nani, na hutazama mambo matatu: uasilia, ufundi, na ile sauti binafsi ya kijana inayoanza kuchomoza. Hilo la tatu ndilo lililotufaa. Insha inaweza kuwa na makosa ya tahajia kila mstari na bado ukamsikia mtu ndani yake. Na inaweza kuwa safi kama shuka ya hotelini na usimsikie mtu.

Nasi tulikuwa tumefuata utaratibu huo wa kuficha majina. Kila insha ilikuwa na namba, na orodha ya majina ilifungiwa na mwandaaji. Kuficha jina humkinga mtoto na upendeleo wa jaji anayemjua mjomba wake. Hakumkingi na baba yake mwenyewe.

Siku ya pili asubuhi, kabla hatujaendelea na ubishi wetu, dada wa asasi ya haki za watoto aliweka insha moja katikati ya meza akasema uamuzi usimame. Sitaeleza yaliyokuwamo. Yatosha kusema kwamba kwa mtoto huyo jioni ni saa ya kuogopa, na kwamba aliitaja sababu, na sababu hiyo ina ufunguo wa nyumba.

Hapo ndipo nilipoona jinsi meza moja inavyoweza kuwa na macho ya aina mbili. Mhariri, mtu mwema na mzazi kama mimi, alisema insha ile ni ya kuchapishwa, jina lisitajwe, nchi nzima isome. Dada akamjibu kwamba mtoto anayeieleza nyumba yao kwa undani hivyo atajulikana mtaa mzima hata bila jina, na atakayemjua kwanza ni yule mwenye ufunguo. Sisi wa vyombo vya habari tukiona maumivu tunaona habari. Wenzetu wa asasi wakiona maumivu wanaona shauri la kushughulikia. Nao wana udhaifu wao, maana nimehudhuria hafla za kutosha ambapo mtoto anashikishwa hundi ya karatasi kubwa kuliko kifua chake ili picha iende kwa mfadhili. Lakini siku ile dada alikuwa sahihi, na sheria ilikuwa upande wake. Kifungu cha 95 cha Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 kinamtaka mwanajamii yeyote mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa aifikishe kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo hilo. Hakisemi jaji wa insha amesamehewa. Namba ya insha ile ilifunguliwa mbele ya watu wawili tu, ofisa ustawi wa jamii akapigiwa simu, na insha ikaondolewa kwenye shindano.

Nilikaa na jambo hilo wiki nyingi. Ipo simu ya bure ya watoto, namba 116, inayojibiwa usiku na mchana. Yupo mwalimu wa malezi na unasihi katika shule. Yupo, bila shaka, shangazi, jirani, mama wa mtaa wa pili. Mtoto yule aliwapita wote hao akawaeleza majaji watano asiowajua, kwa sababu tulimwambia kwamba tunataka kusikia jioni ya kwao ikoje, na kwamba tutasoma mpaka mwisho. Labda kwao hakuna aliyewahi kumwambia hivyo.

Insha ile ilipoondolewa, tulirudi kwenye ubishi wetu tukakubaliana jambo ambalo halikuwa kwenye ratiba: watoto kumi walioongoza waitwe tuzungumze nao kabla ya kutangaza washindi. Wazo hilo tuliliazima kwa Young Scientists Tanzania, shindano la sayansi la wanafunzi wa sekondari lililoanzishwa mwaka 2011 na Dk. Gozibert Kamugisha na Joseph Clowry kwa kufuata mfano wa maonyesho ya Ayalandi yaliyoanza Dublin mwaka 1965. Kule mwanafunzi husimama kando ya meza yake, mradi wake ukiwa mbele ya watu, na majaji humjia na kumuuliza: kwa nini ulipima hivi, ulikosea wapi, ungeanza upya ungefanya nini. Taasisi ya Karimjee Jivanjee imekuwa ikiwalipia washindi wakuu masomo ya chuo kikuu, kwa hiyo mzazi mwenye tamaa ana kila sababu ya kuujenga mradi mwenyewe usiku. Lakini mzazi hawezi kusimama kando ya meza. Swali la kwanza mtoto hujibu alilokariri. La pili hujibu mwenyewe, au hunyamaza kwa kukosa la kusema.

Kijana wa nne kuingia ndiye aliyekuwa na insha safi kuliko zote. Alivaa sare iliyopigwa pasi mpaka mikunjo ikasimama. Mhariri alimuuliza alimaanisha nini aliposema kwamba jioni ni daraja kati ya vizazi. Kijana akameza mate, akatazama mlango. Nje ya mlango huo, kwenye benchi, alikuwa ameketi mama yake na mkoba mapajani. Akaulizwa tena kwa upole. Akasema kwamba daraja ni muhimu.

Dada aliisukuma insha pembeni, akamuuliza jana jioni walikula nini.

Kijana akashtuka kidogo, kisha akaanza. Walikula ugali na dagaa wa Kigoma, kwa sababu jirani alikuwa ametoka safari akawagawia. Mdogo wake hapendi macho ya dagaa, kwa hiyo huwa anamtolea vichwa kimojakimoja na kuvipanga ukingoni mwa sahani, na paka wa jirani anajua saa hiyo, huja na kukaa chini ya dirisha. Mjomba, aliyeachishwa kazi tangu Pasaka, halali mpaka asikie taarifa ya habari ya saa mbili, ingawa redio yenyewe haishiki vizuri mpaka mtu aishikilie waya, na anayeishikilia ni yeye. Akasimama kutuonyesha anavyoushika waya, mkono juu, shingo imepinda, asisogee mpaka mjomba asikie habari za michezo. Alisema dakika kumi bila kupumzika. Kalamu ya mhariri ilikuwa imelala mezani muda mrefu.

Ile ndiyo ilikuwa insha. Alikuwa nayo kinywani, imekamilika, na mtu mzima mmoja nyumbani kwake alikuwa ameamua kwamba dagaa, mjomba asiye na kazi na waya wa redio si mambo ya kupeleka kwenye mashindano. Tulipotoka, mama yake aliinuka haraka akaniuliza kama mwanawe amejieleza vizuri. Nilimwambia amejieleza vizuri sana, na sikuwa namdanganya. Sikuwa na moyo wa kumweleza zaidi.

Nilikosa moyo kwa sababu mkono ule ulioandika insha ya mwanawe niliujua. Ni wangu.

Miaka miwili kabla, binti yangu mkubwa alipokuwa kidato cha kwanza, aliniletea insha aliyotaka kuipeleka kwenye shindano fulani. Niliisoma jikoni nimesimama. Nilisema nitaigusa kidogo tu. Nikagusa mwanzo, nikagusa mwisho, nikaondoa habari ya kuku aliyeangukia kisimani kwa kuwa niliona ni ya kitoto. Alikuwa mtoto! Hakushinda, nami nikamfariji kwa maneno ya kizazi kizima cha wazazi, kwamba majaji wana watu wao. Miezi michache baadaye mwalimu wake akanipigia simu: binti alikuwa amewasilisha kazi ya historia iliyonakiliwa yote kutoka mtandaoni. Nilirudi nyumbani nimejaa hasira na hotuba. Nilizungumza juu ya uaminifu kwa muda mrefu. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akauliza, bila ujeuri wowote, sasa kosa lake lilikuwa lipi, kwa sababu ile ya mwanzo niliandika mimi na tulipeleka kwa jina lake.

Sikuwa na jibu siku ile. Tunasema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na tunaisema tukiwatazama watoto wa wenzetu.

Nimejiuliza kwa nini tunafanya hivi, sisi wazazi ambao kwa mengine yote tungekufa kwa ajili ya watoto wetu. Sehemu ya jibu ni sifa. Mafanikio ya mtoto yamekuwa nguo ya mzazi, huivaa kanisani, msikitini na kwenye vikao vya harusi. Januari 2023, Baraza la Mitihani la Tanzania lilipotoa matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2022, lilitangaza kwamba limeacha kutaja shule bora na wanafunzi bora. Nilidhani tungepumua. Siku hiyohiyo, kwenye kundi la wazazi nilimo, tulianza kutengeneza orodha yetu wenyewe.

Sehemu nyingine ni uchovu, na hapa sitaki kumhukumu mtu. Anayetoka Mbagala au Chanika saa kumi na moja alfajiri na kurudi saa tatu usiku hana jioni ya kumpa mtoto, foleni imeshaila. Mama anayefunga genge akahesabu vichele, akachota maji, akaanza kupika, ana haki ya kukaa kochini na tamthilia yake bila kuulizwa na mwandishi wa makala. Lakini uchovu una namna yake ya kutudanganya. Kwa kuwa hatupo, tunatafuta jambo moja kubwa la kufidia, na shindano huja kama zawadi: usiku mmoja wa kukaa na insha ya mtoto, tukaiandika upya, tukalala tukijiona tumelea. Kumbe kuandika mahali pake ni rahisi kuliko kumsikiliza. Kuandika huchukua saa moja. Kumsikiliza kijana wa miaka kumi na mitano kuna ukimya mrefu katikati, kuna habari za kuku na visima, na huwezi kujua lini amefika kwenye jambo lenyewe.

Shindano jingine, la mbali, ndilo lililonionyesha njia. Mwaka 2019 redio ya umma ya Marekani, NPR, ilitangaza washindi wa kwanza wa shindano lake la podikasti za wanafunzi. Kazi karibu 6,000 zilipelekwa, na zilipelekwa na walimu kwa niaba ya wanafunzi wao. Zawadi kubwa ilikuwa kusikika redioni. Baada ya shindano letu kwisha nilizisikiliza mbili zilizoshinda, usiku, watoto wamelala. Moja ilitengenezwa na wasichana wadogo wa Bronx, New York, wakizungumza kuhusu hedhi na aibu ambayo watu wazima wameifungia ndani yake. Kwetu pia neno hilo husemwa kwa kunong'ona, na binti hujifunza kunong'ona huko kabla hajajifunza lingine lolote.

Ya pili ilinikaa zaidi. Ilikuwa ya wanafunzi wa Elizabethton, mji wa milimani katika jimbo la Tennessee, na ilihusu mji jirani wa Erwin, ambako mwaka 1916 tembo wa sarakasi aitwaye Mary, aliyekuwa amemuua mtu aliyemwendesha, alinyongwa kwa winchi ya reli mbele ya umati. Mji ule umebeba fedheha hiyo zaidi ya miaka mia. Vijana waliwafuata watu wazima wa Erwin wakawauliza: ilikuwaje, mnajisikiaje jina la mji wenu likitajwa hivyo, mnafanya nini sasa? Nao wakajibu. Walieleza jinsi siku hizi wanavyochangisha fedha kwa ajili ya hifadhi ya tembo iliyomo katika jimbo hilohilo. Sauti za watu wazima zimo ndani ya kazi ile, lakini zimo kama mashahidi. Anayeuliza, anayekata na kuunga, anayeamua kipi kianze na kipi kimalizie, ni kijana.

Ndipo nikaelewa kilichokuwa kinanisumbua tangu siku ya bahasha. Mtoto anatuhitaji ndani ya insha yake. Anatuhitaji tukiwa watu wa kuulizwa, wenye jioni za zamani na aibu za zamani, wenye majibu tusiyojivunia. Sisi tunamnyima hilo, kisha tunampa sentensi zetu.

Mzazi mwenye neno la kumwambia mwanawe anaweza kulisema kwa jina lake mwenyewe. Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate, akiwa mgonjwa, alimtungia bintiye utenzi wa usia mwaka 1858, na watu wa pwani wanausoma mpaka leo. Mtu anaweza kukubaliana au kutokubaliana na mafundisho yake kuhusu ndoa. Hakuna awezaye kusema alijificha nyuma ya jina la mtoto. Alijua anataka kusema nini, akasema, akamwachia binti usia, naye binti akabaki na maisha yake ya kuishi.

Wajibu wetu, ninavyouona sasa, ni mgumu kwa sababu ni mdogo na wa kila siku. Mtoto akileta kazi yake, tuulize maswali na tusishike kalamu. Akikosea tahajia, kamusi ipo. Akishindwa, tusimwambie majaji wana watu wao. Nimekaa upande ule wa meza na nimeona watu wazima wakibishana saa nzima juu ya mtoto wasiyemjua jina. Na ikitokea amepeleka kisicho chake, nidhamu inayofaa ni kuandamana naye akakiondoe kwa mdomo wake mwenyewe. Binti yangu nami tulikwenda pamoja kwa mwalimu wa historia. Yeye alisema lake. Kisha nami nikasema langu, la insha ya kidato cha kwanza, mbele ya mwalimu mdogo kwangu kwa miaka ishirini. Mwalimu hakujua atazame wapi. Tulipotoka, binti aliniuliza kama nimeona haya. Nikamwambia nimeona haya sana. Tukanunua miwa getini, tukaenda zetu.

Wenye kuandaa mashindano nao wana lao. Kama wataendelea kuwauliza watoto kuhusu nyumba zao, wawe tayari kwa majibu: awepo mtu kama yule dada tangu siku ya kwanza, na ijulikane mapema nani anafungua namba na kwa sababu gani. Na wawape watoto dakika kumi za kuzungumza. Yule kijana wa dagaa hakupata tuzo, kwa kuwa kanuni zilitaka maandishi yashindane na maandishi. Mtangazaji wetu alichukua namba ya mwalimu wake. Miezi miwili baadaye nilimsikia redioni kijana huyo, katika kipindi cha Jumamosi asubuhi, akieleza jinsi ya kushika waya.

Mwezi uliopita binti yangu alianza kuandika insha nyingine. Ilikuwa Jumapili mchana. Alikaa upande mmoja wa meza na daftari, nami nikakaa upande wa pili na beseni la machungwa ya Muheza na kisu, maana nimejifunza kwamba mikono yangu ikikosa kazi hutafuta kalamu. Aliniuliza kama "ijapokuwa" ni neno moja. Nikamwambia kamusi iko juu ya kabati. Akaenda, akarudi, akaandika kimya muda mrefu. Nilikuwa nimemenya la sita au la saba aliponiuliza, bila kuinua macho, kama siku ile bibi alipofariki nililia, kwa sababu yeye alikuwa mdogo na hakumbuki, na hajawahi kuniona nikilia.

Niliweka kisu ndani ya beseni. Nikaanza kumweleza, na hakuandika neno mpaka nilipomaliza.